Siklagi majivu: Daudi alijitia nguvu vipi?

Kuna mstari ambao wahubiri wanaupenda sana, na mara nyingi husomwa nusu. Ni mwisho wa 1 Samweli 30:6: "lakini Daudi alijitia nguvu katika BWANA, Mungu wake." Unasomwa kwenye mikesha, unatumwa kwa wafiwa, kisha msikilizaji anaambiwa, "Nawe jitie nguvu, mpendwa!" Anaitikia amina, anarudi kwake, na hajui aanzie wapi. Kujitia nguvu ni kufanya nini hasa? Ni kujikaza usilie? Ni kurudia maneno ya imani mpaka moyo ukubali? Sura yenyewe ina jibu, ila inajibu kwa yale watu waliyoyafanya, na ukitaka kuyaelewa inabidi urudi nyuma sura tatu.

Siklagi, mji wa Wafilisti, haukuwa mji wa Daudi kwa asili. Alikuwa mkimbizi. Sauli, mfalme wa Israeli, alikuwa amemwinda nyikani na mapangoni, na mara mbili Daudi akapata nafasi ya kummaliza, mara ya kwanza pangoni (sura ya 24), mara ya pili usiku kambini, mkuki wa mfalme ukiwa umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake (sura ya 26). Mara zote mbili hakumgusa. Ungetegemea mtu aliyeshinda majaribu mazito namna hiyo awe imara kuliko siku zote. Fungua mstari unaofuata, 27:1: Daudi anasema moyoni mwake kwamba iko siku ataangamia kwa mkono wa Sauli, na kwamba hakuna linalomfaa ila kukimbilia nchi ya Wafilisti. Alisema moyoni mwake, na hatusomi kwamba alimwuliza mtu wala Mungu.

Linganisha na sura ya 23, habari za mji wa Keila. Pale Daudi aliuliza kama aende kupigana. Watu wake walipoingiwa na hofu akauliza tena. Baada ya ushindi akauliza kama Sauli atashuka na kama wenyeji watamtoa. Alikuwa mtu wa kuuliza. Kuanzia sura ya 27 hadi mwisho wa 29 hatusomi hata swali moja la Daudi kwa Mungu. Siwezi kuapa kwamba hakuomba kabisa, maana kunyamaza kwa mwandishi si ushahidi kamili. Lakini mwandishi aliyetupa maswali ya Keila moja baada ya jingine, akinyamaza hivi, ameshatuambia kitu.

Ukimya huo ulidumu mwaka mmoja na miezi minne, kwa hesabu ya 27:7. Na kwa macho ya nje mambo yalikuwa yamemnyookea: Sauli aliacha kumtafuta, Akishi mfalme wa Gathi akampa mji mzima, ndio huo Siklagi, watu wake 600 wakatulia na wake zao na watoto wao. Wakati huohuo Daudi alikuwa akivamia Wageshuri, Wagirzi na Waamaleki, haachi mwanamume wala mwanamke hai asije mmoja akapeleka habari Gathi, na akirudi anamdanganya Akishi kwamba ameshambulia kusini mwa Yuda. Watu wa kanisani tunaijua hali hii, hata kama hatuna upanga mkononi. Nje kila kitu kinakwenda, huduma inaendelea, na ndani mtu anaishi kwa akili yake tu, uongo mmoja ukiusitiri mwingine.

Halafu uongo ukazaa. Wafilisti wakakusanyika Afeki kupigana na Israeli, na Akishi, aliyemwamini kabisa, akamchukua Daudi vitani. Hebu fikiri: mtu aliyekataa kumgusa Sauli, masihi wa Bwana, yaani mfalme aliyetiwa mafuta, sasa yuko mstari wa nyuma wa jeshi linalokwenda kumpiga huyohuyo. Aliyemwokoa hapo hakuwa rafiki wala nabii. Ni wakuu wa Wafilisti, waliomshuku na kutaka arudishwe. Daudi hata alilalamika kwamba ameonewa! Ni vigumu kujua kama alikuwa anaigiza. Vyovyote vile, Mungu alimtoa kwenye shimo alilojichimbia, kwa vinywa vya watu waliomchukia, na yeye hakuwa ameomba.

Siku ya tatu wakafika Siklagi.

Mwandishi anatudokezea mapema, katika mstari wa pili, kwamba Waamaleki hawakuua mtu. Waliwachukua wote mateka, wakaenda zao. Sisi tunasoma huku tukijua hilo. Daudi hakujua. Yeye aliona mji umeteketezwa, milango bila mtu wa kuitika, na hakuna namna ya kujua nani yuko hai na nani amelala wapi. Wake zake wawili, Ahinoamu na Abigaili, hawapo. Wanaume 600 waliotembea siku tatu wakiwaza kulala nyumbani kwao wakapaza sauti wakalia mpaka wakaishiwa nguvu za kulia.

Hapo ndipo kusoma mstari nusu kunapotupotosha. Kilio kiko mstari wa 4, kujitia nguvu kuko mstari wa 6. Daudi alilia pamoja na wengine, akalia mpaka mwisho, na hakuna anayemkemea. Kuna mafundisho yanayomfanya mwamini aone haya kulia, kana kwamba machozi ni taarifa ya kushindwa kwa imani. Mtu amefiwa leo asubuhi, jioni tunamtaka asimame atoe ushuhuda wa ushindi. Siklagi haiungi mkono mafundisho hayo. Zaburi ya 56, ambayo kichwa chake kinaihusisha na wakati Wafilisti walipomkamata Daudi Gathi, inamwomba Mungu ayatie machozi yake katika chupa yake. Mtu anayeomba hivyo haoni machozi kuwa kitu cha kufichwa.

Kisha msiba ukageuka. Wale wanaume waliotoka kulia naye wakaanza kusema wampige kwa mawe. Tukumbuke ni akina nani: sura ya 22 inasema waliomkusanyikia Daudi tangu mwanzo ni wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni. Uchungu ule haukuwa umeondoka. Ulikuwa umepata kiongozi wa kumfuata, na sasa umepata kiongozi wa kumlaumu. Wala hawakuwa wamekosea kabisa. Nani aliyewaleta katika nchi hii? Nani aliyeuacha mji bila ulinzi, akaenda kuandamana na jeshi la Akishi? Nani aliyekuwa akiwachokoza Waamaleki mwaka mzima? Lawama inauma zaidi ikiwa na ukweli ndani yake.

Daudi hakujitetea. Walau maandiko hayatupi neno lolote lake kwa wale watu katika dakika ile. Hakusema kwamba naye ameibiwa wake zake, ingawa angeweza. Hakuwakumbusha mema aliyowatendea. Naona kunyamaza huko ni sehemu ya kujitia nguvu kwenyewe, maana nguvu kidogo uliyobakiwa nayo ukiimalizia kwenye kubishana na wanaokulaumu, hutabaki na kitu cha kupeleka mbele za Mungu.

Kuna jingine la kuangalia. Huko nyuma, katika nyika ya Zifu, Daudi alipokuwa amebanwa na Sauli, Yonathani mwana wa Sauli alimwendea akamtia nguvu katika Mungu (23:16). Ile ilikuwa neema ya rafiki: mtu anaacha nyumba ya mfalme, anatembea mpaka porini, anakuambia usiogope. Siklagi hakukuwa na Yonathani. Alikuwa upande wa pili wa vita, Gilboa, na hakutoka huko hai. Kwa hiyo mtu aliyewahi kutiwa nguvu na mwenzake sasa anatakiwa kufanya peke yake kazi ileile. Sidhani angeweza kama hakuwahi kufanyiwa. Wanaosema "mimi na Mungu wangu tu, sihitaji ushirika" wamesahau kwamba siku ya upweke mtu anaishi kwa akiba aliyowekewa na wengine. Na wanaosema hawawezi kusimama mpaka mchungaji awapigie simu, nao Siklagi ina neno lao.

"Mungu wake," anasema mwandishi. Sauli katika sura ya 15 alimwambia Samweli, na zaidi ya mara moja, "BWANA, Mungu wako", kana kwamba Mungu ni wa nabii. Daudi ana historia na huyu Mungu: simba, dubu, Goliathi, Keila, pango. Sijui ni lipi kati ya hayo lililomjia akilini siku ile, na mwandishi hakusema. Ila tunajua alichofanya mara baada ya hapo, na hapo ndipo uzito wa kisa chote ulipo.

Alimwita Abiathari kuhani, akamwambia, niletee hapa hiyo naivera.

Naivera lilikuwa vazi la kikuhani, na watu wa wakati ule waliitumia kumwuliza Mungu. Abiathari alikuja nayo mkononi alipomkimbilia Daudi Keila. Maana yake ni kwamba miezi yote 16 ilikuwa hapohapo kambini, au kwenye mizigo yao. Chombo cha kuuliza hakikupotea. Kilikaa bila kuulizwa. Na aliyekibeba ni nani? Ni mtu aliyebaki peke yake wa ukoo wake, kwa sababu Daudi alipita Nobi, mji wa makuhani, akamdanganya baba wa Abiathari, kisha Doegi Mwedomi akawaua makuhani 85 kwa amri ya Sauli. Daudi mwenyewe alimwambia wakati ule kwamba yeye ndiye aliyesababisha vifo vya jamaa yake yote. Basi siku ya Siklagi, mtu anayelaumiwa na watu 600 anamwendea mtu mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kumlaumu, anamwomba amsaidie kumwuliza Mungu. Na Abiathari analeta.

Daudi akauliza maswali mafupi: niwafuate hawa? Nitawapata? Jibu likaja: wafuate, utawapata, nawe utawapokonya wote.

Soma tena jibu hilo utafute kisichokuwemo. Hamna "ulikuwa wapi mwaka mzima". Hamna orodha ya uongo aliomwambia Akishi. Hamna masharti ya kutubu kwanza kwa siku kadhaa. Sisemi Mungu hajali dhambi. Kitabu kinachofuata, 2 Samweli, kitamletea Daudi nabii Nathani, na maneno yatakuwa makali. Lakini saa ile, kwa mtu aliyevunjika akarudi kuuliza, jibu lilihusu alichouliza. Waamini wengi waliopoa hawakawii kurudi kwa sababu hawampendi Mungu. Wanakawia kwa sababu wanaiogopa hotuba wanayodhani inawasubiri mlangoni. Wanapanga kwanza kujirekebisha wiki mbili tatu, waanze kufunga, waache hiki na kile, ndipo waombe. Daudi hakupata nafasi ya kujiandaa hivyo, maana mawe yalikuwa tayari yanazungumzwa.

Siku zilezile, mtu mwingine alikuwa amefadhaika na akamwuliza BWANA, naye hakujibiwa kwa ndoto, wala kwa Urimu (chombo cha kuhani cha kumwuliza Mungu), wala kwa manabii. Ni Sauli. Mwandishi amepanga visa hivi viwili bega kwa bega, sura ya 28 na ya 30, na hakika si kwa bahati. Sauli alipokosa jibu alijigeuza mavazi, akaenda Endori kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, kazi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameipiga marufuku. Mtu anaweza kuuliza: mbona mmoja anajibiwa na mwingine hajibiwi? Sura ya 15 inajibu sehemu: Sauli alikuwa ameambiwa neno wazi akalikataa, na tangu siku ile alikuwa akiutafuta msaada wa Mungu huku akilikwepa neno la Mungu. Tofauti ninayoiona zaidi ni hii: Sauli naye alitaka kujua afanye nini (28:15), ila alipokosa jibu kwa Mungu alilitafuta Endori. Daudi alimwuliza Mungu, akalitii jibu alilopewa. Makanisa yetu yana foleni ndefu ya watu wa njia ya kwanza, wakitafuta mtumishi wa kuwaambia kesho yao, na foleni fupi ya njia ya pili.

Ahadi imeshatolewa, ushindi umetajwa, na bado watu wanachoka. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 kati ya wale 600 walizimia kiasi cha kushindwa kuvuka. Walisikia neno lilelile. Walikuwa na wake na watoto walewale waliotekwa, kwa hiyo hawakukosa sababu. Miili ilikataa. Daudi hakuwaambia imani yao ni haba. Aliwaacha na mizigo, akaendelea na 400. Nguvu za kiroho hazifuti uchovu wa mwili, na kiongozi mwenye nguvu hizo anajua kuutambua uchovu wa mwenzake bila kuugeuza kuwa dhambi.

Halafu wakamkuta Mmisri shambani, hajala wala kunywa siku tatu mchana na usiku. Wanaharakisha kuokoa watoto wao, kila saa ina thamani, na wanasimama kumlisha mtu wasiyemjua: mkate, maji, kipande cha mkate wa tini, vishada viwili vya zabibu. Mwandishi ametaja mpaka idadi ya vishada. Roho yake ilipomrudia ndipo ikajulikana kwamba alikuwa mtumwa wa Mwamaleki, ameachwa na bwana wake kwa sababu aliugua. Alikuwa miongoni mwa walioichoma Siklagi. Na ni yeye aliyewaongoza mpaka kwenye kambi. Hawakumlisha kwa sababu walijua ana habari. Chakula kilitangulia maswali. Huyu ndiye Daudi aliyekuwa haachi mtu hai kwenye mashambulio yake. Sasa Mmisri anamtaka aape kwa Mungu kwamba hatamwua wala kumrudisha kwa bwana wake, kisha anamwongoza.

Vita yenyewe naipita haraka, kama mwandishi alivyofanya. Waliwakuta wametawanyika wakila, wakinywa na kucheza. Wakawapiga mpaka jioni ya siku ya pili, wakatoroka vijana 400 tu waliopanda ngamia. Daudi akarudisha vyote, mdogo kwa mkubwa.

"Alirudisha vyote" ni maneno yanayopendwa sana madhabahuni, na hapa inabidi nitie breki. Yakifanywa kanuni kwamba anayejitia nguvu katika Bwana lazima arudishiwe kila alichopoteza, yatamuumiza mtu asiyerudishiwa. Daudi mwenyewe anatupa kisa cha pili. Katika 2 Samweli 12 mtoto wake aliyezaliwa na Bathsheba anaugua. Daudi anafunga, analala chini, anaomba, na siku ya saba mtoto anakufa. Watumishi wanaogopa hata kumwambia. Anaposikia anainuka, anaoga, anajipaka mafuta, anabadili mavazi, anaingia nyumbani mwa BWANA na kusujudu, kisha anarudi kwake, anaomba chakula, anakula. Ni mtu yuleyule, na Mungu wake ni yuleyule, ila safari hii hakurudishiwa. Ukiviweka visa hivi viwili pamoja utaona kilichobaki palepale: aliweza kumwendea Mungu jambo likiwa halijatengemaa, na aliweza kumwendea likiwa limeshindikana kabisa. Siklagi ilimrudishia watu wake, lakini Mungu hakuwekea saini mkataba wa kufanya hivyo kila mara.

Na kama unataka kujua kama nguvu zile zilikuwa za kweli, usiangalie vita. Angalia Besori wakati wa kurudi. Wale 200 wakatoka kuwalaki, na Daudi akawasogelea akawasalimu. Baadhi ya waliokwenda naye, ambao mwandishi anawaita waovu bila kuzunguka, wakasema hawa hawakwenda nasi, wapewe wake zao na watoto wao, waondoke. Daudi akawaita hao wabaya "ndugu zangu". Akawaambia vitu hivi ni vya kupewa na BWANA, kwa hiyo aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo watagawiwa sawasawa. Ikawa sheria katika Israeli tangu siku ile. Siku chache tu nyuma wanaume hawa walimtaja kwa mawe. Hakuna mstari unaosema aliwatafuta mmoja mmoja kuwauliza nani alianza. Mtu aliyepata nguvu zake kwa watu atawadai watu. Daudi hakuwa na deni la kukusanya.

Alipofika Siklagi akatuma sehemu ya nyara kwa wazee wa Yuda, rafiki zake, mji kwa mji. Orodha inaanzia Betheli, inapita Yatiri, Aroeri, Eshtemoa na mingine, na mji wa mwisho kutajwa kwa jina ni Hebroni.

Siku mbili baadaye akaja mtu, nguo zimeraruliwa, na habari kwamba Sauli na Yonathani wameanguka Gilboa. Njia ya kiti cha enzi ilikuwa wazi, na mtu yeyote angesema sasa hakuna cha kuuliza. Daudi aliomboleza, akafunga mpaka jioni. Kisha 2 Samweli sura ya 2 inafungua hivi: akamwuliza BWANA kama apande kwenda mji mmojawapo wa Yuda. Akaambiwa, panda. Akauliza tena, nipande wapi? Akaambiwa, Hebroni.